Skuta ya Baba Tumeifungua

Lugulu,
S.L.P. 87,
Webuye.

22 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Wekoye,

Hujambo huko Winnipeg? Waithera hajambo, na Ivy wetu anaendeleaje na masomo? Sisi huku tu wazima, ila mafua ya msimu huu wa mvua yameizunguka nyumba nzima na mimi yamenirudia mara mbili. Mama ameketi hapa karibu nami akichambua maharagwe, na kila nikiinua kalamu ananiuliza kama nimeshamsalimia Waithera. Nimemsalimia. Anauliza pia kama mgongo bado unakusumbua, na kama unaivaa ile sweta aliyokutumia. Jibu la hilo la pili tunalijua, kwa hivyo usijisumbue kudanganya.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Jerop, binti ya mwalimu mwenzangu Jepkoech, anakuja huko kusoma, na amekubali kuibeba pamoja na kifurushi cha njugu. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi nikikatizwa husahau nilichotaka kusema, au hujifanya nimesahau. Safari hii nataka uniache nimalize. Nina mambo mawili ya kuungama, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Kabla ya hapo nikupe habari za nyumbani. Shamba la mtoni tulilipanda mapema na mahindi yamefika kiunoni. Ng'ombe mwekundu amezaa, na tena amezaa ndume, jambo ambalo Mama amelichukua kama dharau. Choo kipya kimekamilika. Mvua ilibomoa kidaraja cha kwenda kanisani, vijana wa kanisa wakakitengeneza kwa magogo, na sasa kila anayepita juu yake anasali kwanza.

Haya, niseme. Skuta ya Baba tumeifungua. Tumetoa betri zake zote tano, tumeweka za aina nyingine, na siku hizi Mama ndiye anayeiendesha.

Najua ulichosema. Siku ya mazishi, Februari ya mwaka jana, ulikuwa kwenye simu ya dada yetu Viola iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu, kwa sababu karatasi zako hazikuwa zimetoka na ukiondoka usingeruhusiwa kurudi kazini. Ulilia, kisha ukaomba kitu kimoja tu, kwamba skuta ya Mzee isiguswe mpaka ufike. Baba Mdogo Wamalwa akasimama mbele ya waombolezaji akasema ndivyo itakavyokuwa. Kitu ambacho mtoto amemnunulia baba yake, alisema, mtoto huyo ndiye atakayekitoa mahali baba alipokiacha. Tukaisukuma hadi kwenye stoo ya mahindi, tukaifunika kwa turubai, na Baba Mdogo akaondoka na ufunguo mfukoni. Tangu siku hiyo kila uliponiuliza, "Iko?" nilikujibu, "Iko, imefunikwa." Lilikuwa jibu la kweli mpaka wiki ya pili ya Mei.

Kilichotubana ni miguu ya Mama. Desemba alianguka kutoka kwenye bodaboda pale kwenye tope la mteremko, na ingawa hakuvunjika, aliapa hatapanda tena nyuma ya mwanamume anayeongea na simu akiendesha. Sukari yake inataka kliniki kila mwezi. Mwezi wa Februari hakwenda, na wa Machi pia hakwenda. Aprili nilimkuta ameketi barazani viatu vya kliniki vikiwa miguuni, amevivaa tangu asubuhi, na hakuna mahali alikokuwa anakwenda. Nilimwangalia nikaona haya.

Nikamwendea Baba Mdogo. Nilimweleza yote. Kisha akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akauweka juu ya meza katikati yetu.

"Mimi sikatazi," alisema. "Lakini pia sijakupatia. Wacha niangalie ng'ombe."

Akaenda kuangalia ng'ombe waliokuwa wamefungwa pale pale mbele ya macho yetu, akatupa mgongo mpaka nilipoondoka. Unamjua yule mzee wetu. Nilitembea hadi nyumbani na ufunguo ule mkononi kana kwamba nimeuiba.

Tulifunua turubai, tukachomeka chaja. Taa ikawaka kijani papo hapo. Mama akafurahi sana, akasema, "Ona, mwaka mzima na bado imejaa." Tukaisukuma mpaka uani, nikageuza ufunguo, na haikutoa hata mlio. Nikageuza tena. Mama akaniambia labda inatambua mkono wa Mzee tu, na sikujua kama anatania.

Hapo ndipo nilipompigia Viola, naye akampa simu mumewe. Shemeji yako Kipkosgei hujawahi kumwona ila kwenye picha za harusi, lakini mtu huyu ni fundi kwelikweli. Ana karakana Kitale, anafunga sola, na siku hizi anatengeneza pikipiki za umeme. Alisema tumpelekee. Tukakodi pikapu, tukaifunga skuta kwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, na mimi nikakaa mbele na dereva.

Kitale hutaitambua. Tuktuk zimejaa, majengo yameota kila upande, na malori ya mahindi yanapanga foleni ndefu. Lakini nilipopita karibu na uwanja wa maonyesho ya kilimo nilikuona wewe, una miaka sita na kaptura iliyokuzidi. Unakumbuka Baba alivyokuwa akituleta kwa basi la alfajiri? Alitushika mikono, mmoja kila upande, akatusimamisha mbele ya fahali mkubwa mweusi kwa mweupe, akatutajia ukoo wake wote kama anayesoma Agano la Kale. Watoto wengine walinunuliwa peremende, sisi tulifundishwa kutambua kiwele kizuri. Nililia ndani ya ile pikapu, na dereva akajifanya anatafuta kituo cha redio.

Kipkosgei alipofungua kiti, harufu ikatoka. Wekoye, harufu ile ya asidi ya betri ilinirudisha nyuma miaka thelathini na mitano. Nilisahau niko Kitale. Nilikuwa njiani kwenda sokoni, wewe umeshika usukani wa baiskeli ya Baba na mimi nimeshikilia betri ya gari kwenye karia, imefungwa kwa mpira wa tyubu, tunaipeleka kuchajiwa kwenye kinu cha Kizito ili Jumamosi tuone televisheni. Mlio wa kinu kile bado ninao masikioni. Kizito alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, na betri za kijiji kizima zimepangwa ukutani kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki.

Na ile siku tuliyoiangusha pale kwenye mfereji? Sketi yangu ya shule ilikaa sawa mpaka Mama alipoifua, ndipo ikatoka na matundu kama imeliwa na panya. Ukasema ni wewe uliyeniegemezea betri. Haikuwa kweli, mimi ndiye niliyeiachilia nikimwangalia mvulana fulani ambaye simtaji. Ulichapwa kwa ajili yangu na sijawahi kukushukuru. Ahsante, ndugu yangu.

Kila Jumamosi jioni Baba aliunganisha nyaya mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine aziguse. Watoto wa majirani walijaa hadi dirishani. Picha ilianza kunywea kutoka pembeni, ikawa ndogo, ndogo, kila mara kabla mchezo haujaisha, na Baba akasema betri imechoka, na sisi pia tumechoka, twendeni tukalale. Mpaka leo kuna michezo ambayo sijui iliishaje. Kesho yake aliitoa betri juani, akafungua vifuniko vyake sita, akaongeza maji kwa ile chupa ya dawa ya ng'ombe aliyoiosha, tone kwa tone, akiinama kuchungulia kama anavyochungulia mdomo wa ndama. Aliamini kila kitu kinachochoka kinaweza kutunzwa kikaamka. Ndiyo maana alipenda kazi yake ya mifugo, na ndiyo maana hakuiacha hata baada ya kustaafu.

Basi Kipkosgei akazitoa zile tano moja moja, akazipanga kwenye ubao. Zilikuwa zimevimba ubavuni, na kwenye vichwa zimeota unga mweupe. Baba alikuwa amezipaka namba kwa rangi, moja hadi tano, zile tarakimu alizokuwa akiandika kwenye hereni za masikioni mwa ng'ombe.

"Shemeji, hizi zimekufa, ile taa ya kijani ilikuwa inawadanganya tu," alisema Kipkosgei. "Hii aina haiwezi kaa njaa. Ata kama huendeshi, kila mwezi lazima uipatie chaji. Nyinyi mlifungia hii kitu kwa stoo mwaka mzima bila kitu."

"Tulikuwa tunaiheshimu," nilimwambia.

Alinitazama, akatafuta namna ya kusema bila kuniumiza. "Sasa heshima ndiyo imeua," alisema.

Tuliificha ili ikusubiri, Wekoye, na kule kusubiri ndiko kulikoimaliza. Kama tungeiendesha ingekuwa hai. Nadhani hakuna familia nyingine kutoka hapa hadi Suam iliyoua betri kwa njia hiyo.

Lakini fundi hakuishia hapo. Alichukua mita yake akapima moja moja, akapima tena mbili kati ya zile. Akaniambia tatu zilifia stoo, ila namba mbili na namba tano zilikufa zamani, Mzee akiwa hai. Akaniuliza, "Mzee alikuwa anafika wapi na hii?"

Nikamwambia, getini.

Na hili ndilo jambo la pili, ambalo nimelibeba tangu mwaka wa 2023. Mwaka wa kwanza uliponunua skuta, Baba alifika Misikhu na kurudi. Unazo picha. Alizunguka kwenye maboma ya watu akikagua ng'ombe ambao hakuna aliyemwita kuwakagua, na watoto walimkimbilia nyuma kwa sababu pikipiki yake haikuwa na mlio. Mwaka wa pili ilimfikisha Lugulu tu. Baadaye sokoni. Baadaye ikashindwa na kilima cha kanisa, akarudishwa na vijana wakiisukuma, na akatuambia ameamua mwenyewe kupumzika. Kufikia Agosti ya 2023 ilikuwa haitoki barazani kwa nguvu zake yenyewe.

Wewe ulikuwa unapiga simu kila Jumapili saa kumi. Saa tisa na nusu Baba alikuwa ananiita. Alivaa kofia yake, akaikalia skuta, akashika usukani kwa mikono miwili, na mimi nikaisukuma kutoka barazani hadi getini, karibu kabisa na barabara. Simu ikilia, aliiacha ilie kidogo kama mtu anayetafuta pa kuegesha. Kisha alikuambia, "Ngoja nisogee kando, hapa magari ni mengi." Ulisikia bodaboda zikipita, ulisikia watu wakimsalimu. Alikuwa anabonyeza honi mwenyewe, honi ndiyo kitu pekee kilichobaki na nguvu, na kuwalaumu watu ambao hawakuwepo. Wewe ulicheka huko na kumwambia apunguze mwendo. Alipomaliza kuongea nawe alikaa pale kwanza, akiitazama barabara, halafu aliniambia, "Haya, turudi." Tulifanya hivyo miezi sita, mpaka Jumapili ya mwisho.

Nilimuuliza mara moja kwa nini tusikwambie tu. "Akijua imelala, atatuma ingine," alisema. "Atatumia pesa ya tiketi. Mimi sitaki ingine. Nataka yeye akuje."

Wewe umeishi ukijua kwamba zawadi yako ilimpa baba yetu miguu mpaka siku ya mwisho. Ilimpa miguu miaka mitatu, na kwa hiyo miaka mitatu Mungu akubariki, kwa sababu sijawahi kumwona mwanamume mzee mwenye furaha namna ile. Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa naisukuma. Nilikudanganya kila Jumapili nikiwa nimesimama nyuma yake, nikihema na kujizuia usinisikie. Nisamehe. Na kama huwezi leo, nisamehe ukifika.

Sikulaumu kwa mazishi. Karatasi si zako, ni za serikali ya watu. Ila zimetoka tangu Machi, uliniambia mwenyewe, na tangu Machi kila tukikuuliza unakuja lini unatuuliza kama skuta bado imefunikwa. Nadhani nimekuelewa. Nadhani unaogopa kufika pale getini ukute hakuna mtu. Mimi ninapita pale kila siku na bado sijazoea, kwa hivyo sitakudanganya tena kwa kukuambia ni rahisi.

Sasa nikueleze hizi betri mpya, maana najua utauliza. Zinaitwa lithiamu. Ni seli nyingi ndogondogo zilizofungwa pamoja ndani ya sanduku moja, na ndani yake kuna kibao kidogo cha umeme kinachozilinda zisijazwe kupita kiasi wala zisiishe kabisa. Kipkosgei alichukua wiki nzima kuziunganisha. Zile tano za zamani zilihitaji wanaume wawili kuzishusha, lakini sanduku hili nililibeba mwenyewe kutoka mezani hadi kwenye skuta, na mgongo wangu unaujua. Chini ya kiti kumebaki nafasi kubwa. Alijaza mbao na sponji la godoro ili sanduku lisirukeruke, na Mama ameshauliza kama hawezi kupata pembe moja ya kuwekea mayai.

Ile chaja ya zamani aliikata waya mbele yangu, ili nisije nikaichomeka kwa mazoea na kuharibu kila kitu. Niliumia kidogo kuona waya ule ukikatwa. Zile betri tano bado ziko kwenye karakana yake, juu ya ubao, na namba zake za rangi. Anasema haifai kuziweka sana kwa sababu asidi inaweza kuvuja, na kuna watu wanaozichukua kwenda kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Hizo ndizo ambazo sijamruhusu azitoe mpaka wewe useme. Angalau hilo nimekusubiria.

Kumfundisha Mama kuendesha ni hadithi peke yake. Unajua mila zetu za mkwe na mama mkwe: hawashikani mkono, hawakai pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta kichaka chake. Kipkosgei siku ya kwanza kuja kwetu hakuambiwa, akanyoosha mkono kumsalimu, na Mama akakimbilia jikoni akabaki huko mpaka jioni. Tangu siku hiyo anaishika mila yetu kuliko sisi wenyewe. Basi alipoileta skuta alisimama nyuma ya ghala, amegeukia ukuta, Mama ameikalia uani, na mimi katikati.

"Shemeji, mwambie mama asipinde mkono haraka. Hii ya saa hii iko na nguvu, si kama ile ya kwanza."

Nikamgeukia Mama, aliyekuwa hatua kumi kutoka kwake. "Anasema usipinde mkono haraka."

"Nimesikia. Mwambie nimesikia. Halafu umuulize bureki ni gani."

"Shemeji, mwambie ni hiyo ya mkono wa kushoto."

"Anasema ni hiyo ya..."

"Nangila, si nimesikia. Wewe simama tu hapo katikati."

Basi akapinda mkono, na akaupinda haraka. Skuta ikaondoka kama imeitwa, ikakata ua mzima ikielekea zizini. Mimi nilibaki nimefungua mdomo bila sauti. Aliyepiga kelele ni Kipkosgei, ametoka mbio nyuma ya ghala na mikono yote juu: "Mama, bureki! Bureki, mama!" Mama akashika, ikasimama pua yake ikigusa mlango wa zizi. Wakatazamana, mkwe na mama mkwe, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Kipkosgei akainamisha kichwa, akarudi nyumanyuma mpaka ghalani.

Mama alirekebisha kitambaa chake. "Nangila," alisema kwa sauti, "mwambie mkwe sijasikia mtu yeyote akiniita."

Nilimpenda mama yetu siku ile kuliko siku nyingi. Jioni alimtumia jogoo, kupitia kwangu bila shaka, na Kipkosgei akamrudishia shukrani, kupitia kwangu pia. Nimechoka kuwa daraja.

Kliniki amekwenda mara mbili sasa, mwenyewe, na viatu vyake. Daktari alimgombeza kwa kupotea, kisha akatoka nje kuitazama skuta na kuuliza aliyeifunga ni nani. Sukari imeshuka kidogo. Kubwa zaidi ni kwamba ameanza tena kukasirika, anagombana na wauza nyanya, anarudi na habari za watu. Miezi ile alipokuwa anakaa barazani alikuwa amekuwa mpole, na upole ule ulinitisha.

Kuna kasoro moja. Kile kipimo cha betri kwenye dashibodi ni kile cha zamani, na hakiielewi lithiamu. Mshale unasimama pale pale kwenye kujaa mpaka dakika ya mwisho, halafu unaanguka. Kipkosgei alituambia tusiuamini. Alisema tupime kwa safari: tupakie mzigo, twende, turudi, mpaka tujue wenyewe mwisho wake uko wapi. Tumepima kwenda kanisani. Tumepima kwenda Lugulu na kurudi mara mbili bila kuchaji.

Jumamosi iliyopita asubuhi Mama aliniita stoo. Alitaka nimsaidie kutoa gunia moja la mahindi ya mwaka jana, gunia zima la kilo tisini. Nilidhani anakwenda kuuza. Akafungua mdomo wa gunia, akachota debe moja, akalimimina pembeni, akafunga tena. Nikamuuliza debe hilo limeondolewa kwa nini.

"Wekoye hakuwa gunia zima akienda," alisema.

Tukaliinua, tukaliketisha kwenye kiti cha nyuma, akalifunga kamba tumboni. Akaenda. Nilimngoja getini. Alikwenda hadi stage ya lami, pale mabasi ya kutoka Bungoma yanapowashusha watu, akageuza, akarudi na gunia lake, akapanda kilima cha kanisa bila kupunguza mwendo. Alipofika hakuizima. Alikaa akinitazama, nadhani alikuwa anakufikiria wewe.

"Leta lile debe tulirudishe," alisema. "Kanada watu wanakula."

Akaenda tena na gunia zima. Nilisimama pale nikasubiri, na nilipomwona anakuja juu ya kilima, mgongo wima na mzigo wake nyuma, nikajua hatanikubalia hata nikimwomba vipi. Siku utakayofika si mimi nitakayekupokea stage. Anasema nikuandikie kwamba betri inatosha.

Nisalimie Waithera, na umbusu Ivy mara mbili, moja ya shangazi na moja ya bibi yake. Viola na Kipkosgei wanawasalimu. Baba Mdogo Wamalwa anakusalimu pia, na anasema yeye hajui lolote kuhusu ufunguo. Mungu akutunze katika kazi zako zote mbili, aupunguzie huo mgongo maumivu, na akupe ujasiri wa kukata tiketi kabla ya Desemba. Mama anauliza kama nimemaliza. Nimemwambia bado kidogo, kwa sababu ameshainuka kwenda kuichaji skuta, kana kwamba unashuka leo.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako,
Nangila